Neno Lisilo na Kazi

Noti ilikuwa na maneno matatu, na mtu mmoja alikuwa amekufa kwa ajili yake.

MUFUNGE DARAJA LEO.

Isidore Wilondja aliitandaza mezani na kuibana kwa kikombe cha chai, maana karatasi ilikuwa imelowa mtoni, ikakaukia mfukoni na kujikunja kama jani la tumbaku. Chini ya maneno hayo palikuwa na tarehe ya Jumatatu, muhuri wa Kampuni ya Pamba ya Lwenge, na herufi C iliyokandamizwa kwa mkono mzito. Basi. Hapakuwa na salamu wala sababu, wala jina la wa kuifanya kazi yenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tatu, mwaka 1956, na mvua ilikuwa ikipiga mabati ya ofisi ya kampuni hapo Baraka tangu alfajiri. Isidore alikuwa karani wa upelelezi wa Fizi. Mkuu wake alikuwa amelazwa na malaria, ndiyo maana alitumwa yeye peke yake, na barua yenye muhuri iliyompa ruhusa ya kumshika mtu au kumwachilia mpaka mwendesha mashtaka wa Uvira atakapoamua. Jana alivuka mto Lwenge huko juu milimani, maji kifuani, viatu shingoni. Kisha mto ukaongezeka. Sasa nyuma yake hapakuwa na njia, mbele yake palikuwa na ziwa, na meli ya Uvira ingetia nanga saa kumi alasiri. Meli hiyo ndiyo ingempeleka gerezani kapita Roger, msimamizi wa vibarua wa kampuni, aliyewatuma darajani.

"Ukurasa mmoja," Bwana Collignon alikuwa amemwambia kwa Kifaransa, akimwonyesha meza ya pembeni. "Mstari wa kwanza uniambie nani mwenye kosa. Kapita aliyekaidi amri, au karani aliyeitafsiri vibaya. Mmoja kati ya hao wawili. Mengine sina haja nayo."

Bwana Collignon alikuwa mkurugenzi wa kampuni. Wafanyakazi walimwita Bwana Makasi, na hawakuwa wanafikiria makasi ya kukatia vitambaa. Ukimwandikia mistari kumi alikurudishia mitatu. Iliyobaki alikuwa ameipiga kalamu ya bluu na kutia C pembeni, ili ujue nani amekata. Sheria zake za kuandika noti zilibandikwa ukutani, karatasi moja ya Kifaransa na moja ya Kiswahili. Noti ni ukurasa mmoja. Noti ni jambo moja. Kila noti iwe na kopi. Neno lisilo na kazi lifutwe. Katika karatasi ya Kiswahili, mwisho wa sheria ya kwanza, palikuwa na neno TU. Lilikuwa limepigwa mstari wa bluu, na pembeni yake palikuwa na C.

Isidore aliliangalia neno hilo kwa muda, kisha akachukua daftari lake na kwenda kumwona kapita.

Walikuwa wamemfungia katika stoo ya magunia, chumba kisicho na dirisha, chenye vumbi la pamba linalokaba koo. Mlangoni alikaa polisi Jacques, pingu zikining'inia kiunoni. Roger Asukulu alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mkono wake wa kushoto umevimba, na alimpisha Isidore kwenye gunia kana kwamba amemkaribisha nyumbani.

"Yaya Roger," Isidore alimwita, kama mtu anavyomwita kaka mkubwa, "unajua kusoma?"

"Najua. Bamisionere balinifundisha."

"Noti ilikufikia saa ngapi?"

"Saa tatu ya asubui. Nikasoma, nikaita bantu ine, nikabaambia bakamate kamba na waya, twende tufunge daraja."

"Mufunge namna gani?"

Roger alimtazama kama mtu aliyeulizwa namna ya kula ugali.

"Ile daraja iko ya miti, mwana wetu. Miti inafungwa na kamba. Kila mwaka maji ikipanda tunaifunga, huku na huku, na ku ile mawe kubwa, isiende na maji. Baba yangu alikuwa anafunga daraja za huku mbele hii kampuni haijakuya. Sasa banaandika mufunge. Weye ungefanya nini?"

"Ningefikiri banasema bantu basipite."

"Kwa ile banasema muweke baryere. Miaka kumi na mbili niko kapita, njia ikikatazwa, banasema baryere. Kufunga ni kufunga."

Isidore aliandika neno baryere, kizuizi cha njia, na kulipigia mstari. "Nani alikuwa katikati ya daraja?"

Kapita alikuwa anavuta nyuzi za pamba kutoka kwenye gunia, mmoja mmoja.

"Albert. Bwana ya dada yangu Marthe. Hakuna mwenye alikuwa na mikono ya kufunga kama yeye. Nikamwambia, 'Shemeji, kaza ile ya katikati.' Akaitika. Halafu maji ikakuya na muti mukubwa, muzima na mizizi yake. Jana Marthe alikuya hapa. Alisimama ku ule mulango, hakulia. Akaniuliza, 'Yaya, ulimutuma bwana yangu juu ya maji kwa nini?' Nikamwambia niliandikiwa. Akasema, 'Nionyeshe barua, najua kusoma.' Na barua mulikuwa mumekwisha kuikamata."

Isidore aliona haya, maana barua yenyewe ilikuwa ndani ya daftari lake, juu ya goti. Hakuweza kuitoa. Ilikuwa ushahidi.

Alipotoka, Jacques alimvuta kando. "Karani, hii mambo iko mwepesi. Ni ule Rugema wa mulima. Kiswahili yake ni ya kuitia ngombe. Weye ni mwana Fizi, kapita ni mwana Fizi. Andika jina ya Rugema, tupone."

"Na kama hakukosa?"

"Muntu wa mulima hakose kukosa," Jacques alisema, akacheka peke yake.

Hilo ndilo lililomsumbua Isidore kuliko mvua. Kila mtu alikuwa amekwisha kumchagulia jina. Bwana Makasi alimpa mawili achague, na watu wa kwao walimpa moja. Akirudi Fizi na jina la kapita, ataitwa msaliti. Akirudi na la karani, atapongezwa, na atajua mwenyewe kwamba hakupeleleza kitu.

Rugema alikuwa mbele ya mashine ya kupigia chapa, mtu mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua kama hiyo. Kwao ni milimani, kwenye familia za wafugaji. Alikuwa amefanya kazi kwenye kampuni miaka tisa.

"Ndugu Rugema, tia karatasi. Nikutajie Kifaransa, unipigie Kiswahili. Fermez le pont."

Vidole vya Rugema vilikwenda vyenyewe. MUFUNGE DARAJA. MUNTU ASIPITE. Kisha vikasimama, akaviondoa kwenye mashine na kuviweka mapajani.

"Jumatatu uliandika maneno matatu," Isidore alisema. "Leo umetia na *muntu asipite*. Juu ya nini?"

"Nimekosa, Bwana karani."

"Umekosa leo ao Jumatatu?"

Isidore akaomba kopi ya Jumatatu. Ilitoka katika faili, safi, namba mahali pake, maneno matatu yale yale. Kopi haikuwa na la kusema zaidi ya noti yenyewe. Akafikiri kidogo.

"Na karbone?"

Rugema aliangalia dirishani. Mkono wake ulisogeza kiboksi cha bati kiasi cha kidole kimoja kuelekea kwa Isidore. Humo mlikuwa na karatasi za kaboni. Bwana Makasi alizihesabu, na hakuna iliyotupwa kabla ya kutumika mara kumi. Ya juu ilikuwa mpya bado.

Isidore aliipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Herufi zilionekana mahali wino ulipotoka, mistari miwili, mmoja ukiwa chini kidogo ya mwingine. Wa chini ulikuwa ule anaoujua. Wa juu ulisomeka: MUFUNGE DARAJA LEO. MUNTU ASIPITE.

Noti ilipigwa mara mbili. Kwanza ilikuwa nzima. Mara ya pili ilikuwa imekatwa.

"Nani alikata?"

"Bwana karani, niko na batoto tano. Nyumba yenye banalala ni ya kampuni." Sauti ya Rugema ilikuwa ya chini mno. "Nikinyamaza, bananifunga. Nikisema, bananifukuza. Unionyeshe weye njia ya kupita."

"Sijui," Isidore alisema. Ilikuwa kweli, na ilimuuma.

Bwana Collignon alimsikiliza akiwa anachonga kalamu yake ya bluu kwa kisu kidogo.

"Bwana, uliisoma noti ya Kiswahili kabla ya kutia C?"

"Sisomi Kiswahili. Nakisema kile cha jikoni: leta maji, washa taa. Mimi niliandika Kifaransa, amri safi kabisa. Karani akaniletea kitu chake, nikatia C."

"Kaboni inaonyesha noti ya kwanza ilikuwa na maneno mawili zaidi."

"Basi muulize aliyepiga mashine ameyapeleka wapi." Mkurugenzi alipuliza vumbi la kalamu. "Umeona? Jibu unalo. Ni karani. Andika ukurasa wako, saa zinakwenda." Kisha akaenda kuufunga mlango wa nje kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni. Alisema ni kwa ajili ya utulivu wa kazi.

Isidore alirudi kwenye meza ya pembeni. Dirisha lilikuwa na nondo. Rasimu ya Jumatatu, ile yenye mistari ya bluu kama ilikuwapo, ilichomwa jioni ile ile pamoja na taka za ofisi. Kaboni ilishuhudia mashine tu. Kalamu ya bluu inaweza kushikwa na mkono wowote, na hata kuhusu neno TU pale ukutani mkurugenzi angeweza kudai kwamba alionyeshwa na mtu. Saa saba ilipita, ikaja saa nane. Aliwaza mkono uliovimba wa kapita, akawaza na watoto watano wa Rugema, akaona hasira inampanda, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa tatu katika ule ukurasa mmoja aliopewa.

Mazoea yana taabu, wahenga walisema. Mtu anaweza kuuficha ujuzi wake, lakini mazoea yake yatamtangulia kazini. Isidore aliinua macho na kulitazama tena lile TU lililofutwa. Neno la herufi mbili, halimdhuru mtu, na bado mkono ule haukuweza kuliacha likae.

Akaomba karatasi mbili na kaboni moja mpya.

Aliandika kwa Kifaransa, kwa mkono, kama mkurugenzi alivyopenda. Mstari wa kwanza: *Mwenye kosa la kifo cha Albert Etabo ni*, na nafasi tupu. Kisha alieleza mambo manne kwa mistari minane. Chini kabisa akapendekeza tangazo la kubandikwa mtoni kwa ajili ya wapita njia, nalo akaliandika kwa Kiswahili kwa herufi kubwa: DARAJA IMEVUNJIKA. MUNTU ASIPITE. MUZUNGUKE KWA JUU. Alizibana karatasi zote mbili kwenye ubao wa kuandikia, kaboni ikiwa katikati, akampelekea mkurugenzi hivyo hivyo.

"Nafasi hii?" Bwana Collignon aliuliza.

"Jina nitalijaza mbele yako, Bwana. Nilitaka kwanza uone kama nimeandika kwa kirefu."

Mkurugenzi aliguswa pale anapopapenda. Alikaa vizuri, akashika kalamu. Alifuta "kwa masikitiko makubwa" katika mstari wa tatu. Alifuta tarehe iliyorudiwa. C, C. Rugema alikuwa ameacha kupiga mashine. Kalamu ilishuka mpaka kwenye tangazo, ikapita DARAJA IMEVUNJIKA, ikasimama. Bwana Makasi alichekea puani, akapiga mstari mmoja mnene juu ya MUNTU ASIPITE. C.

"Kwa nini umeyafuta hayo, Bwana?"

"Hayana kazi. Daraja limevunjika, nani atapita?"

"Na Jumatatu," Isidore alisema polepole, "yalikuwa na kazi?"

Mkurugenzi aliitazama kalamu iliyokuwa mkononi mwake, kisha karatasi, kisha Isidore, na uso wake ukabadilika rangi kuanzia shingoni. Akaichomoa karatasi kutoka kwenye ubao, akaichana vipande viwili, vinne, vinane.

"Sisomi Kiswahili," alisema.

"Ndiyo, Bwana. Na sheria yako inasema kila noti iwe na kopi." Isidore aliuinua ubao na kuiondoa kaboni. Kwenye karatasi ya chini mistari yote ya kalamu ilikuwa imetoka, myeusi, na ule wa juu ya MUNTU ASIPITE ulikuwa mzito kuliko mingine, na C yake pembeni.

Bwana Collignon alisimama ghafla, kiti kikaanguka. Aligonga dirisha la nondo na kumpigia kelele Jacques aliyekuwa barazani, akamtupia ufunguo. Jacques alifungua na kuingia mbio, maji yakimchuruzika, pingu mkononi.

"Mufunge!" mkurugenzi alipiga kelele.

Jacques alimtazama yeye, akamtazama Isidore, akamtazama Rugema, akageuka na kuuangalia mlango.

"Nifunge mulango, Bwana?" aliuliza kwa heshima yote. "Ao nifunge muntu? Muntu gani?"

Hakuna aliyecheka. Rugema ndiye aliyesimama, akafunga kifungo cha juu cha shati lake, na alipozungumza alisema kwa sauti ambayo Isidore hakuwa ameisikia siku nzima.

"Niliandika *muntu asipite*. Siku ya kwanza, Jumatatu, saa mbili. Bwana alisoma, akakata na bluu mbele ya macho yangu. Akasema, daraja ikifungwa, nani atapita? Nikapiga tena bila yale maneno. Niandike jina yangu wapi, Bwana karani?"

"Hapa," Isidore alisema, akamwonyesha kwa kidole chini ya ukurasa.

"Nyumba utahama leo!" mkurugenzi alimwambia Rugema. Kisha akamgeukia Isidore. "Na wewe, mwezi ujao utakuwa unalima mihogo. Nani atakusadiki wewe dhidi yangu?"

Isidore alijua kwamba mihogo inaweza kuwa kweli. Alichukua kopi, akajaza nafasi iliyo wazi katika mstari wa kwanza: *Bwana Collignon, mkurugenzi*. Rugema akatia sahihi kama shahidi. Jacques, asiyejua kuandika, alitia dole gumba. Karatasi hiyo, kaboni ya Jumatatu na noti yenye doa la mto, Isidore alivitia katika bahasha moja akaibandika. Angepanda meli mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwamini nayo.

Kisha akaandika amri ya mwisho, kwa Kiswahili, akampa Rugema amsomee Jacques kwa sauti. *Polisi Jacques, mutoe kapita Roger Asukulu pingu kama iko nazo. Fungua mulango ya stoo, mulango ibakie wazi. Kapita aende kwake leo, kwa miguu yake, muntu asimukamate tena juu ya hii mambo.*

"Karani, maneno ni mingi," Jacques alisema.

"Yote iko na kazi."

Stoo ilifunguliwa. Roger hakutoka. Aliendelea kukaa juu ya gunia lake, mlango wazi mbele yake na mwanga wa mvua ukimfika miguuni.

"Yaya, uko huru," Isidore alimwambia. "Haukukosa. Walikata maneno."

"Maneno ngapi?"

"Mawili."

Kapita aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Miye ndiye nilimwambia Albert akaze ile ya katikati," alisema. "Ile hakuna muntu aliyeniandikia." Akafuta uso kwa mkono ule mzima. "Unipe barua, nimupelekee Marthe."

"Siwezi. Inakwenda Uvira, ni ushahidi."

"Basi niende kwake na nini? Na kinywa? Kinywa changu hatakisadiki tena."

Honi ya meli ililia kutoka ziwani, mara ya kwanza. Zilibaki mbili kabla haijaondoka. Isidore aliitazama bahasha iliyokuwa mkononi mwake, akamtazama kapita, kisha akarudi ofisini na kukaa kwenye meza ya pembeni, bila kumwangalia mtu aliyesimama nyuma ya meza kubwa. Akachovya kalamu.

*Mama Marthe,* aliandika, *pole sana. Mimi ni Isidore Wilondja, karani wa Fizi, mtoto wa Wilondja wa kule juu. Nakuandikia juu ya mume wako Albert, na juu ya kaka yako Roger, na juu ya barua uliyoomba kuiona.* Aliandika namna daraja la miti linavyofungwa, na kwa nini mtu mwenye mikono mizuri ndiye hutumwa katikati. Aliandika maneno matatu yaliyofika na mawili ambayo hayakufika. Aliandika kwamba Roger alimwita Albert shemeji, na Albert akaitika.

Honi ililia mara ya pili. Ukurasa ulikuwa umejaa mpaka chini, na barua ilikuwa bado haijafika kwenye maji yaliyomchukua Albert. Rugema, bila kuambiwa, akamsogezea karatasi nyingine.